Niandikie ya Katikati

Cwm Eithin,
4 Oktoba 2018

Kwako dada Eluned,

Pokea salamu zetu. Mimi mzima, ila goti linauma mvua ikikaribia, na unajua huku mvua haiendi mbali. Mume wangu Dewi yuko vilevile, mkono wa kushoto bado umelala. Wewe je, hewa ya Oban imekufaa? Mwanao Gethin anakupikia, au bado anachemsha kila kitu mpaka kikome kuwa chakula? Kila nikipiga simu ananiambia umelala, basi naandika.

Gari la maktaba limepita. Dereva wake Idwal alinipa kile kitabu kipya cha mchawi mwokaji, akasema wewe ndiye uliyekirudisha kabla hujaondoka. Nikatazama nyuma ya jalada. Si unajua hapa kila msomaji ana alama yake ya kujikumbusha kitabu alichokwisha kusoma: mimi kijisalaba, mke wa mchungaji duara, wewe jani lako la penseli. Nikalikuta. Nikajua umeshamaliza, nami nikakivamia, nguo zikabaki kwenye ndoo.

Kumbe ni mama wa posta! Yule mpeleka supu kwa wagonjwa ndiye aliyetia sumu kwenye asali ya bwana bahili. Mimi nilimshuku kasisi, Mungu anisamehe. Na pale mwisho fundi saa anapoomba kumwoa mchawi, paka akajibu kabla ya mwenyewe, nilicheka peke yangu mpaka machozi. Mchungaji alinionya kwamba vitabu vya uchawi havitufai watu wa kanisa. Nikamwambia huyu wetu haendi kwa mtu usiku, anaumua unga tu. Akaniomba nikimaliza nimpe mkewe.

Wewe ulimshuku nani?

Mdogo wako,
Nesta

Oban,
9 Novemba

Mdogo wangu Nesta,

Salamu zako nimezipokea kwa mikono miwili, na Dewi mwambie namwombea. Kimya changu usikichukie. Barua yako imekaa mapajani mwangu siku nyingi.

Kile kitabu sikukimaliza. Nilifika sura ya tatu, ndiyo kwanza wanatenga chai, nikachora jani langu nikamrudishia Idwal. Nilijua sitafika mwisho, na niliona vibaya kiondoke bila alama yangu, kama mtu aliyepita nyumbani kwa watu asibishe hodi. Ni ini, Nesta. Nililijua kabla sijaja huku. Simu nilizikataa kwa sababu ungesikia sauti.

Nilikukasirikia. Nilikuwa nimepanga nikipata nguvu Gethin atafute nakala anisomee, na maadamu simjui muuaji nilikuwa na sababu ya kuamka asubuhi. Ukaja na mama wa posta wako. Gethin aliuliza, "Mama, nimwambie mama mdogo alichokufanyia?" Nikamwambia, "Thubutu."

Sasa imekwisha. Nimewaza sana hapa kitandani. Miaka yote hiyo, mara ngapi tulimjua muuaji kabla ya polisi, na bado hatukufunga kitabu? Hatukuwa tukimtafuta yeye. Tulitaka kukaa mle ndani. Mle anayekufa hufa mwanzoni, hatujawahi kumpenda, na kazi inayobaki ni watu wema kuoka, kuulizana maswali na kuoneana haya. Huku nje mambo yamepangwa kinyume.

Usijaribu kumwacha Dewi uje. Mwisho umeshaniambia, basi niandikie ya katikati. Chakula usikiruke.

Dada yako,
Eluned

Cwm Eithin,
13 Novemba

Dada yangu,

Leo sikuulizi hali, nayaogopa majibu. Nimeomba, nikagombana na Mungu kidogo, nikaomba tena. Idwal nimemwambia kitabu hakirudi kwanza.

Sura ya tatu. Mvua imewafungia wote jikoni kwa mchawi. Ametoa mkate wa tufaha wenye dawa: anayeula husema kweli, akitaka asitake. Ameuoka kwa ajili ya muuaji. Lakini fundi saa ametoka kazini na njaa, amekata kipande kabla hajaambiwa. Mdomo umejaa, mara anatamka mbele ya watu kwamba saa ya duka la mchawi haina ubovu wowote, ni yeye anayeilegeza kila akija, apate sababu ya kurudi. Hata paka ametazama pembeni. Mchawi anasema, "Najua. Nimekuwa nikikuachia mlango wazi."

Kesho nakuandikia ya nne.

Mdogo wako,
Nesta

Oban,
20 Novemba

Nesta mpenzi,

Hatujambo kwa kiasi chetu. Mkono ni wa Gethin, maneno yangu. Barua zako zote zimefika. Ile saa imetuchekesha mpaka nesi akaja kuchungulia. Polepole, usikimbilie mwisho. Na ule mkate wanakula hivihivi, hakuna siagi?

Dada yako,
Eluned

Cwm Eithin,
24 Novemba

Dada Eluned,

Siagi ipo. Nimerudi nyuma kuangalia. Imo kwenye bakuli la bluu, ya chumvi, kama unavyoipenda.

Gethin alipiga simu alfajiri. Nilimsikiliza mpaka akamaliza kulia, nikamgeuza Dewi, nikamnywesha chai, nikachukua kalamu. Na Mungu nitasema baadaye. Nilikuwa nimekuahidi sura ya tisa.

Mvua haijaacha. Wote wako mezani. Mama wa posta ameleta supu, wanamshukuru, na mchawi ndiyo kwanza anaanza kumtazama vizuri. Akigeuza uso tu ataelewa, na baada ya hapo kila mtu atachukua koti lake aende kwake.

Nimemzuia mchawi hapohapo. Fundi saa amesogeza kiti ukutani, pana nafasi ya mtu mmoja.

Mdogo wako,
Nesta