Kompyuta Imehesabu Mpaka Nane

Jumatano, 12 Agosti 1992

Jana niliongeza kumbukumbu kwenye kompyuta ya kuchapia, megabaiti nne juu ya nne za zamani, lakini asubuhi ilipowashwa ilihesabu nne tu. Mama Zuhura, mwenye ofisi, akasema nikishindwa leo nisirudi tena.

Nikaifungua. Kipande kimoja kipya kilikuwa kimelala upande. Nilikuwa nimekisukuma kwa woga, kama ninavyobisha hodi.

"Unakibembeleza, binti?" Mama Zuhura akacheka. "Kisukume, bwana."

Nikasukuma mpaka kikaingia, tak. Tukaiwasha. Ikapita nne, tano, sita... nane!

Hakunisifu. Aliniuliza tu kama kesho naweza kuja mapema, nifungue mlango mimi. Nikajibu ndiyo kwa sauti, hata fundi cherehani wa jirani akageuka.