Bei Maelewano, Nauli Hakuna

Mpendwa mshauri, shikamoo. Nisaidie maana nimechoka na huku ugenini sina wa kumwambia. Mimi ni fundi wa vigae, shule niliacha darasa la tano, ila sakafu yangu ukimwaga maji yanajua pa kwenda. Asubuhi tunakaa nje ya duka la vifaa vya ujenzi, kila fundi na kibao chake, na mimi nilinakili cha fundi bomba anayekaa karibu yangu, "Bei maelewano", nikajua mteja anataja bei na mimi namwelewa. Basi nawaelewa. Juzi mama mmoja aliniambia, "Mwanangu, mimi mjane, nifikirie," nikakubali nusu, nikapiga magoti siku nne bafuni kwake, na siku ya mwisho mumewe akaja kuniuliza kama nimemaliza. Fundi bomba alicheka mpaka akakaa chini. Yeye kwao anaenda kila mwaka, mimi huu wa tatu sijafika, binti yangu mdogo ananiita Baba Simu. Nimemwahidi mama yake kwamba shule zikifungwa nitakuwa nyumbani, na nauli sina. Je, nikifute hicho kibao?

Fundi Magoti

Marahaba, Fundi Magoti. Pole sana, na huyo marehemu aliyekuja kukagua bafu msalimie.

Kibao usikifute. Bei maelewano maana yake bei bado haijafungwa: unataja yako, mteja anataja yake, mnavutana mpaka kila mmoja aondoke bila kununa. Wewe ulikuwa unaelewa peke yako. Una huruma, sawa, lakini anayeilipia ni mtoto anayemjua baba yake kwa sauti tu.

Kuanzia kesho pima chumba, hesabu siku zako, halafu taja bei wewe kwanza, juu kidogo ya unayoitaka. Kisha nyamaza. Mdomo utakuwasha, uache uwashe. Moyoni uwe na bei ambayo hushuki hata mtu akilia, na mkifika hapo sema, "Mama, hapo siwezi," uanze kukusanya vifaa vyako taratibu. Wengi watakuita kabla hujafika getini. Asiyekuita hakuwa mteja.

Kazi ya kwanza ikilipwa, nauli itoe kabla ya kitu kingine chochote. Halafu mpigie mama watoto umtajie tarehe. Hiyo haina maelewano.