Kopo la Ua Dirishani

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba! Najua hujaniamkia, ila naitikia mapema. Kwa umri umenizidi, kwa madarasa umenizidi, lakini marehemu babu yako alikuwa kaka yangu, kwa hiyo babu ni mimi, utake usitake. Huku Kinole tu wazima. Mama yako anaanika pilipili manga, anakusalimu.

Unasema mitihani imekukosesha usingizi, unataka kuacha chuo urudi. Unauliza mimi nilitulizaje moyo nilipoacha shule nikapanga chumba Morogoro mjini. Ya shule tuyaache. Mpangaji mwenzangu, Mama Tatu, alinipa ua kwenye kopo la rangi. Nikamtambia, "Mimi mtu wa Kinole, mama. Kwetu ukichomeka fimbo inaota!"

Basi kila mawazo yaliponijia, nikawa nalimwagia maji. Mawazo yalikuwa mengi, majani yakawa ya njano. Mama Tatu akacheka, "Unalizamisha, mtu wa Kinole! Tia kidole kwanza. Udongo ukiwa bado umelowa, liache."

Nikawa natia kidole kila asubuhi. Siku nyingi hapakuwa na la kufanya, nikabaki dirishani na chai yangu, nikilitazama tu. Hapo ndipo moyo ulipotulia. Jani jipya lilipochomoza, niliwaita wapangaji wote waje kuona.

Nimekutumia chipukizi lake kwa basi, ulipande kwenye kopo. Usirudi mpaka litoe jani. Ukiniletea kopo tupu, hata ukiniamkia kwa magoti siitikii.

Babu yako kijana,
Shomari