Kuhusu Mkeo na Kifua cha Baba Yako

Nyumba ya Uchapaji,
Chumba cha juu.
Jumatatu, 9 Machi

Mpendwa mwanangu,

Nakusalimu kwa amani, na ninamwomba Mwenyezi Mungu maneno haya yakukute umeamka salama, kazi yako huko ugenini ina baraka, na kile kikohozi ulichonitajia kimekwisha. Mimi sijambo. Magoti yananisumbua wakati wa kusujudu, lakini huo ni umri na sina wa kumshitakia. Mama yako hajambo. Baba yako yu hai. Sentensi hiyo ya mwisho irudie kuisoma kabla hujaendelea, maana nahofia umeipita upesi upesi.

Ujumbe wako nimeupata. Umeniandikia kwa adabu nyingi, ukinitaka mimi, ndugu mkubwa wa baba yako na mtu aliyesomeshwa dini, nitoe hukumu juu ya mkeo. Na kabla hukumu haijatoka umekwisha kumwamuru arudi kwa wazazi wake mpaka wazee wakae. Wazee tumekaa, mwanangu. Nimesubiri hasira ipoe ndipo nishike kalamu, nayo imekataa kupoa, basi naandika hivyo hivyo ikiwa moto.

Wewe umesimuliwa. Mimi nilikuwepo.

Asubuhi ile nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha wateja pale kiwandani kwa baba yako, nikisahihisha kurasa za kijitabu cha dua za watoto. Mkeo alikuwa amefuata mitihani ya wanafunzi wake. Shangazi yako alikuwa amekuja kutuonyesha tunavyokosea, kama ilivyo desturi yake. Baba yako alisimama mezani akipanga karatasi, jasho likimchuruzika ilhali feni iko juu ya kichwa chake. Mkeo akamwuliza, "Baba, hujisikii vibaya?" Akajibu kuwa ni gesi. Siku zile kila kitu kilikuwa gesi. Kifua kizito, gesi. Mkono wa kushoto unauma hadi kwenye taya, gesi. Kuhema katikati ya ngazi, gesi. Na dawa zake za presha alikuwa ameziacha kwa hoja kwamba anajisikia vizuri, kana kwamba mtu hubomoa paa la nyumba yake kwa sababu ndani hakuvuji.

Ndipo akaanguka baina ya meza na mashine ya kukatia karatasi, bila hata kuita.

Ningependa kukuambia kwamba wanaume wa kiwanda kile walifanya jambo la maana. Mmoja alisema ni kifafa, akaenda kutafuta kijiko cha kumtia kinywani. Mwingine alimmwagia maji kichwani. Fundi mitambo, yule tunayemwita Redio kwa kuwa hazimiki, alisimama akipiga kelele, "Anapumua! Si mnamsikia anakoroma?" Haikuwa kukoroma. Ilikuwa ile mikwaruzo ya pumzi ya mtu ambaye moyo wake umekwisha kusimama, na kila aliyeisikia akaona ana ruhusa ya kungoja.

Mkeo hakungoja. Alipiga magoti, akamwita, akamtikisa mabega, akamtazama kifua. Kisha akatugawia kazi kama anavyowagawia watoto uwanjani anapowafundisha huduma ya kwanza. "Baba Mkubwa, piga simu ya gari la wagonjwa, weka sauti ya juu. Redio, jengo la mbele, pale mapokezi ukutani kuna mashine ya kushtua moyo. Kimbia!" Akalifungua shati la baba yako kwa mkupuo mmoja, vifungo vikaruka, akaweka kiganja katikati ya kifua na kingine juu yake, akanyoosha mikono na kuanza kukandamiza, kwa nguvu na kwa haraka, bila kusitasita.

Hapo ndipo shangazi yako alipopata sauti. "Toka hapo! Mkwe kumpanda mkwewe kifuani mbele ya watu! Huna haya wewe?"

Mkeo hakuinua uso. "Shangazi, nitaona haya akishaamka."

Shangazi yako akauvua mtandio wake, akamfunika kaka yake kifua. Mkeo akautupa kando. Akaufunika tena! Mtu anakufa, na dada yake anapigania kifua kisionekane. Nilipaza sauti ambayo sikuwa nimeitumia tangu nilipoacha kufundisha madrasa, nikamwambia, "Dada, gusa kitambaa hicho tena nikutoe nje mwenyewe, magoti yaume yasiume." Mhudumu wa kwenye simu akauliza huko kuna ugomvi gani.

Redio naye kule mapokezi alikutana na mlinzi aliyemtaka aandike jina katika kitabu cha wageni kwanza, na aeleze anakwenda ofisi gani. Nasikia Redio, kwa mara ya kwanza maishani, hakujibu neno. Aliing'oa mashine ukutani akatoka nayo. Mkeo alikuwa amechoka, akamwita mkata karatasi ampokee zamu, naye yule bwana akarudi nyuma, ati anaogopa kumvunja bosi mbavu. "Mbavu zitaungwa," mkeo akamwambia, "njoo!" Akaja, akakandamiza huku akilia. Wakabandika vile vibandiko kwenye ngozi kavu, mashine ikasema kwa sauti yake kwamba mtu yeyote asimguse mgonjwa, ikamshtua, ikaamuru tuendelee kukandamiza. Tukaendelea hadi gari lilipofika, na kabla hawajamwinua, baba yako akasogeza vidole.

Hayo ndiyo unayoyaita fedheha ya familia.

Sasa sikiliza hukumu uliyoiomba. Sheria tuliyosomeshwa inamhesabu baba wa mume kuwa kama baba mzazi kwa mke wa mwanawe. Amemharamikia milele, hata mumewe akifa hawezi kuolewa naye. Kumgusa kwake katika maradhi hakuna dhambi. Ni wema wa binti kwa baba yake. Na hata angekuwa mpita njia asiyejuana naye, bado ningekuambia kwamba sijaona katika vitabu vyote nilivyofunua mlango unaoruhusu mtu aachwe afe ili watu wa pembeni wasione aibu. Haya uliyoitetea ni haya ya macho ya watu. Umeichukua, ukaivisha kilemba, ukaniletea ukiiita dini. Hilo ndilo lililonichoma kuliko yote, kwa sababu niliyekufundisha ni mimi.

Umelalamika pia kuhusu mbavu. Naam, zimevunjika. Daktari alipoziona kwenye picha aliuliza nani aliyemkandamiza, nasi tukadhani anataka kumshitaki. Akasema alitaka kumpa mkono tu, kwani wengi huletwa kwake wakiwa na mbavu nzima na hakuna la kuwafanyia.

Baba yako bado amelazwa. Sigara amekatazwa, chumvi amepunguziwa, na dawa humezeshwa mbele ya macho ya muuguzi, jambo linalomkera sana, nami linanifurahisha. Kila siku anauliza, "Mwalimu yuko wapi?" Kila siku mama yako anamjibu kwamba Mwalimu ana kazi ya kusahihisha. Jana alisema, "Mitihani gani hiyo isiyokwisha? Au amenichoka kwa kunikanda?" Akacheka, akashika mbavu zake kwa maumivu. Sisi tuliosimama pale hatukucheka. Hajui kwamba umemfukuza mkeo kwa ajili yake, na daktari ametuonya tusimpe habari za kumshtua. Kwa hiyo umetufanya, watu wazima wenye kuswali, tuwe waongo kando ya kitanda cha mgonjwa.

Nawe pia usijione uko mbali na jambo hili. Babu yako aliondoka vivyo hivyo, kwa ghafla, akiwa bado na nguvu zake. Juma hili hili kapime presha na sukari, umweleze daktari wa huko yaliyompata baba yako, na uache kupanda kitandani na kifua kizito ukikiita uchovu. Wafanyakazi wa kiwanda wameniomba wafundishwe kukandamiza kifua, wote, hata yule wa kijiko. Niliwaambia mwalimu tunaye ndani ya familia. Kisha nikakumbuka alipo, nikaona aibu, na aibu ile ni yako.

Posta ingechelewa, hivyo mama yako atazipiga picha kurasa hizi akutumie leo. Kesho asubuhi nitakwenda kwa wazazi wa mkeo pamoja na mama yako na shangazi yako. Shangazi atasema mwenyewe anachopaswa kusema, nimemwambia sitamsemea. Kutoka huko nitakupigia simu, nami nitampa mkeo aishike. Usiulize hali yangu wala hali ya mtu mwingine. Mwombe radhi, kisha umshukuru, kisha umwombe arudi nyumbani kwake, kwa mpangilio huo huo. Neno lako la kwanza likiwa "lakini", nitaikata simu, nitamrudisha mimi kwa mkono wangu, na likizo yako ikifika wewe ndiye utakayetafuta pa kufikia.

Mama yako anakusalimu, ingawa amenuna. Redio anakusalimu kwa maneno ambayo karatasi hii haiyatoshi. Wasalimie jirani zako wa huko waliokuwa wakikupikia ulipougua.

Mwenyezi Mungu akulinde mwili, akuongoze ulimi, na akujaalie umjue aliyekutendea wema angali karibu nawe.

Ni mimi nikupendaye, na ndiyo maana nimeghadhibika,

Baba yako Mkubwa