Jina la Nne Daftarini

Hounslow, London
8 Septemba 1974

Kaka yangu mpenzi Vuai,

Pokea salamu zangu nyingi, na mama mpe shikamoo yake. Mimi na shangazi Mardhiya tu wazima, ila baridi ya huku imeanza mapema. Goti la mama limepata nafuu?

Kama unamsomea barua hii kwa sauti, hapa mwambie imekwisha. Yanayofuata ni yako peke yako.

Ofisini, Madhu, tunayepiga naye taipu meza moja, huniazima riwaya za mjane muuza maua anayefichua wauaji kijijini kwake kwa kuchungulia tu mambo ya majirani. Nimemaliza saba. Madhu hunitania kwamba siku moja nitampekua hata yeye mkoba. Nacheka, lakini zimenizoesha kutazama watu.

Nikaanza kumtazama Mwadini, aliyepanga chumba cha juu kwetu baada ya kutoka gerezani Unguja. Kila mgeni wa kwetu, yeye humwuliza majina ya wazee wake, akayaandika daftarini. Wiki iliyopita alilisahau jikoni, nikalifungua. Majina matupu, na la nne ni la baba. Nikaamini anawapelekea wakubwa wa kule majina yetu. Nikamwambia shangazi, shangazi akawaambia wenzake, na Ijumaa msikitini hakuna aliyempa Mwadini mkono.

Jana aliniita, daftari likiwa wazi mbele yake. Hakunigombeza. Aliuliza tu kama London imenisahaulisha kwamba Shaabani inakwisha, na kwamba hayo ni majina ya kurehemiwa kwenye hitima kabla ya Ramadhani. Nikamjibu kwa ukali kwamba baba yangu yu hai, yumo kizuizini. Akalifunga daftari taratibu. Kisha akasema yeye na baba walikuwa chumba kimoja gerezani, na baba alifariki mikononi mwake miaka miwili iliyopita. Tangu ahamie kwetu amekuwa akitafuta pa kuanzia.

Naogopa, kaka. Nimemchafua mtu aliyemfumba baba macho. Nimemwomba radhi mbele ya shangazi. Kesho tunasoma hitima hapa nyumbani, na sijui nani atakuja. Na mama hata eda hajakaa.

Ndani ya bahasha mna karatasi ya pili, niliyoiandika kabla sijajua. Humo nimemwombea baba arudi salama, kama tufanyavyo siku zote. Chagua wewe umsomee mama ipi. Mimi siwezi.

Wasalaam,
mdogo wako Ummukulthum