Sinema ya Nadhiri Yako

Nong Khae,
Roi Et.
15 Aprili 1987

Mpendwa Dada Lamyai,

Salamu nyingi kama mbu wa bondeni kwetu. U mzima huko Hong Kong? Bado yule mama unayemfanyia kazi za nyumbani anakuamsha kabla ya jogoo? Sisi wazima, ila mimi moyo hautulii, na utajua sababu.

Kwanza nadhiri yako. Ulimwahidi Mzimu wa kijiji sinema ukipata kazi, naye kaiona. Lori la sinema la Mjomba Sawat lilikuja, turubai jeupe likatundikwa mbele ya kibanda cha Mzimu, mkeka wa mbele tukauacha wazi akae yeye. Na aliyetia sauti ni nani? Mimi! Shule ilinishinda, lakini nipe kipaza sauti uone: mzee mimi, bibi mimi, polisi mimi, hata mbwa mimi.

Ilikuwa sinema ya Kichina ya kuchekesha, ya mzee anayeamka asubuhi yumo ndani ya mwili wa mjukuu wake, na mjukuu kaingia kwenye wa mzee. Sasa yule mtoto alihitaji sauti ya kizee. Wachina wenyewe walisema nini sijui. Sisi watia sauti tunajitungia. Nikaazima sauti ya Babu Phan.

Dada, usinipige kwa mawazo. Nilianza na kikohozi chake tu. Watu wakacheka. Nikapiga ulimi anavyomwita nyati wake wa kulimia. Wakacheka zaidi. Kichwa kikavimba. Tangu uondoke, Babu mchana ana akili zake zote, ila jua likizama anarudi utotoni, anamtafuta mama yake. Hilo ni la ndani ya nyumba. Mimi nikalimwaga kwenye spika: "Mama, nyati umemfunga?"

Kijiji kizima hoi kwa kicheko. Babu alikuwa mkeka wa pili, nyuma ya Mzimu. Akajizoa, akaondoka polepole.

Tangu usiku ule akipita, watoto wanamzomea, "We babu! Nyati umemfunga?" Sasa hatoki ila kwa lazima. Mimi hanisemeshi. Shangazi Chanthi kaniambia, "Mdomo wako huo, Khampan, ungeuacha kwenye lori."

Juzi ilikuwa sikukuu ya maji. Tulipanga foleni kuwamwagia wazee maji ya maua viganjani na kuomba radhi. Babu aliwapa wote viganja. Zamu yangu akavificha kwapani. Maji yangu yakaishia mchangani.

Jioni ile alitoka barazani, akaita, "Mama, nyati umemfunga?" Nilikuwa nyuma ya mlango. Nikatoa sauti ya mwanamke, ile yangu nzuri kabisa, taratibu: "Nimemfunga, mwanangu. Njoo ule." Akatulia. Akala wali wote mkononi mwangu kama kifaranga.

Asubuhi akaninunia tena. Sijui nimemtuliza au nimemwibia mara ya pili.

Wewe ulimkuta mama yake hai, mimi sikuwahi. Niandikie: sauti yake nene au nyembamba? Alimwita Babu jina gani? Safari hii sitaki kujitungia. Jibu upesi, Dada, jua linazama kila siku.

Shangazi na Mjomba Sawat wanakusalimu. Babu angekusalimu, lakini salamu zake siku hizi hazipitii kwangu. Msalimie Bualai mliyeondoka naye. Mzimu akulinde, maana deni la sinema yake tumelilipa.

Mdogo wako akupendaye, hata ukimkasirikia,
Khampan