Barua ya Kuli Isiyokuwamo Kitabuni Mwako

Deira, Dubai, 7 Julai 2017
Miaka mitatu na miezi minne tangu niondoke Mombasa. Wewe, siku arubaini na moja tangu utuondokee.

Baba,

Hapa ghalani tumekaa bure. Tangu mwezi uliopita hakuna mzigo wa kwenda Katari. Wakubwa wamegombana, njia zimefungwa. Katoni za nyanya za kopo tulizopakia Jumapili ile kabla njia hazijafungwa tulizishusha Jumanne, zilezile, kwa mgongo uleule. Arbab, tajiri wetu, anasema, "Khalas, basi, subirini." Sefu, Mzanzibari ninayekaa naye chumba kimoja, akanichokoza: "Haya, mwana wa mwalimu, wamenuniana wao, mbona tumbo linalonguruma langu?"

Nikacheka, kisha nikakukumbuka hadi nikakaa chini.

Kile kitabu chako kisicho na jalada, cha barua za wakubwa wa Amerika ya zamani! Ulikuwa ukitutafsiria barazani baada ya alasiri, mimi na Mama, huku ukimenya muhogo. Rais aliwakataza wafanyabiashara wake mwenyewe wasipeleke meli ng'ambo, apate kuwakomoa Waingereza na Wafaransa bila vita. Mabalozi nao wakiandikiana kwa adabu, "mimi mtumishi wako mtiifu," na huku wanachomana. Mama alikuwa akisema, "Hao wananuna kama mawifi." Siku moja ukaniuliza nani aliumia. Nikasema Mwingereza. Ukafunga kitabu: "Aliumia kuli wa bandarini. Ila barua yake humu haimo."

Sikuelewa. Nikaacha shule darasa la saba, mwishowe nikaja huku kubeba mizigo. Nawe ukaniwekea marufuku yako: simu hupokei. "Mwambieni aandike." Baba, nilinunua karatasi mara tatu. Niliona haya. Mkono wangu ulishazoea kutia alama kwenye katoni tu. Nikajisemea, atachoka, atapokea. Hukuchoka. Mama kaniambia kila Ijumaa ulipita posta.

Nisamehe. Ukaidi tulikuwa nao sote wawili, lakini wewe ulikuwa unasubiri.

Basi hii hapa. Buriani, Baba yangu. Posta siipeleki. Mkataba unaisha Novemba na sitii saini mwingine. Wiki ya kwanza ya Desemba, inshallah, nitakuwa Mombasa; nitakuja kaburini asubuhi nikusomee mwenyewe, kwa sauti, na makosa yake yote.

Mwanao,
Hamisi